Mihogo Iliyofungwa Chini ya Ukuta

Mimi si mkulima. Nimezaliwa Tanga, nimekulia Tanga, lakini jembe nililiona mikononi mwa watu. Kazi yangu ni jinzi. Nazinunua Xintang, huku China, kwenye viwanda vidogo, nazipanga kwenye kontena, zinakwenda Dar es Salaam. Ukiniuliza habari za jinzi nitakueleza mpaka uzi wa mfukoni. Ukiniuliza habari za mche, nitakwambia nenda kwa dada yangu. Kwa hiyo nikisimulia kwamba kuna mwaka nilikuwa na mihogo juu ya paa la nyumba niliyopanga Guangzhou, naikata ncha na kuikunja matawi kila wiki, watu wanaonijua hucheka. Wacheke tu. Mimi nilikuwa na mgonjwa ndani.

Mgonjwa mwenyewe ndiye huyo dada. Mama alipofariki mimi nilikuwa bado nanyonya kidole, dada akanibeba mgongoni akaendelea na maisha. Alinilea kwa kisamvu. Akikichuma shambani alfajiri, akikifunga mafungu, akikiuza sokoni, na kilichobaki ndicho mboga yetu. Alipopata maradhi ya tumbo nikamwambia njoo huku, hospitali zipo na mimi nipo. Akaja, akapasuliwa, upasuaji ukaenda vizuri. Lakini daktari akaniita pembeni akanieleza kwamba hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni dawa za kupitishwa kwenye mshipa, dawa kali, na mwili wa dada ulivyokonda hauwezi kuzibeba. Ale kwanza, anenepe kidogo. Asipokula hawaanzi. Na wakichelewa sana kuanza, akasema, hakutakuwa na faida ya kuanza.

Mimi nikasema, hilo tu? Kula? Nikaona ni jambo jepesi.

Basi sijui kama umewahi kumlisha mtu mzima asiyetaka kula. Nilimpikia uji wa mchele kama wanavyoupika wenyeji, ule wa kukaa jikoni mpaka punje zinapotea. Nilimpikia supu ya kuku, samaki wa mvuke, viazi vya kuponda. Alikuwa anakula vijiko viwili kwa ajili ya macho yangu, kisha anageukia ukuta. "Nimeshiba, mdogo wangu. Mungu akubariki." Ameshiba nini! Mkono wake ulikuwa umebaki mfupa na bangili. Nilikuwa natoka chumbani na bakuli limejaa, nasimama jikoni, namkasirikia, halafu najikasirikia mimi kwa kumkasirikia.

Siku moja akasema, bila kunitazama, "Ningepata kisamvu." Mtume! Nilivaa viatu hata sikuvifunga. Karibu na Tianxiu, jengo lile wanamofanyia biashara Waafrika wengi, kuna Mkongo anauza kisamvu kilichogandishwa kwenye barafu. Nikakipika kwa tui zito na vitunguu swaumu, nikakipeleka. Dada akakinusa, akakirudisha. "Hiki kilikufa zamani," akasema. "Mimi nataka kilicho hai."

Hapo ndipo ile mihogo ya juu ya paa, ambayo nilikuwa nimeipanda kwa kujifurahisha tu, ikawa dawa.

Niliipata Xintang. Laoban wangu, yaani bosi wa kiwanda kinachonishonea, ni mtu wa mkoa wa Guangxi, na nyuma ya kiwanda chake alikuwa amepanda mihogo. Nilipoiona nilipiga kelele mpaka mafundi wakaacha cherehani. Akacheka sana. "Mushu," akasema, ndilo jina lake kwao, na majani yake wanawapa nguruwe. Nikamwambia astaghafirullah, hayo ni mboga. Akanikatia vijiti vya kupanda, nikavibeba kwenye treni nimevifunga ndani ya suruali ya mfano. Nikavipanda kwenye ndoo za rangi na maboksi ya plastiki nyeupe yanayobebea samaki.

Mwenye nyumba wangu, mzee mmoja mpole wa kandambili, aliniruhusu kutumia paa kwa sharti moja: kisionekane kitu chochote juu ya ukuta wa ukingo wa paa. Majirani wana maneno, wakaguzi wa mji wana macho. Ukuta wenyewe ulinifika kiunoni. Nikasema, "Sawa, laoban." Mimi hapa nchini kwa watu neno langu la kwanza huwa ni sawa.

Lakini muhogo hausikii masharti ya mwenye nyumba. Mvua za huku zilipoanza, na lile joto la kunata kwenye ngozi, ukapanda juu kama umeitwa. Nikaanza kutafuta namna ya kuufanya ukae chini. Ndipo nikaangukia video kwenye simu. Haikuwa na maneno, muziki tu na mikono ya Mzungu iliyovaa glavu. Alikuwa na mche nyuma ya uzio wake, majani yametanuka kama vidole, na mimi kuona vidole tu nikasema, haa, muhogo huo! Nikashangaa kidogo kwamba siku hizi Wazungu nao wanakula kisamvu. Nikasema dunia imekuwa moja.

Alikuwa fundi yule, tusinyimane haki. Alikata ncha ya kati. Yalipochipua matawi mawili akayakunja taratibu, akayafunga kwa kamba kwenye ukingo wa ndoo, mche ukalala bapa, na kila tawi lililolala likatoa ncha mpya. Hakuna jirani ambaye angeuona. Nikaihifadhi video ile, nikaitazama mpaka nikaijua.

Nikaanza kazi. Tawi la kwanza lilikatika pap, utomvu mweupe ukanichirizikia mkononi, nikalifunga kwa utepe wa gundi wa kufungia maboksi kama ninavyofunga mzigo, na cha ajabu likapona. Nikajifunza kwamba asubuhi shina limejaa maji na halitaki mzaha. Sharti ungoje jua la mchana lililegeze. Unaliminya kidogo kidogo kwa dole gumba, unalisikia linakubali, ndipo unalifunga. Kamba zangu zilikuwa vipande vya ukingo wa kitambaa cha jinzi, vile vinavyotupwa viwandani. Muda si muda paa zima likawa na mihogo iliyolala, imefungwa kwa jinzi huku na huku, yote chini ya ukuta. Nilijiona bingwa.

Basi dada alipotaka kilicho hai, kilikuwepo. Nilipanda juu nikachuma ncha laini, nikazitwanga kwenye kinu cha jiwe. Kinu chenyewe nilikiweka juu ya jinzi zilizokunjwa ili jirani wa chini asisikie. Nikakichemsha kisamvu mpaka kikaiva sawasawa, maana kisamvu hakitaki haraka, kisipoiva kinadhuru. Nikatia tui. Dada akala. Hakula vijiko viwili. Alikula nusu ya bakuli, akalala, na alipoamka akauliza kama kimebaki. Nilijifungia msalani nikalia kwa furaha.

Tangu siku hiyo akawa bwana shamba wa kitandani. Ngazi za kwenda juu hakuziweza, kwa hiyo mihogo hakuwa ameiona, lakini amri zilikuwa zake. "Usinyofoe, kata. Kata juu ya kifundo, uuachie macho mawili ya kuchipua. Umechuma wa kaskazini jana, leo uache upumzike." Nikimwambia nimekata majani makubwa ananifokea kwamba namlisha ngozi ya ng'ombe. Mashavu yakaanza kurudi. Hospitali walipompima, daktari akasema tunakwenda vizuri, bado kidogo. Sikumwambia dada kwamba nimeikunja na kuifunga. Hakuniuliza, nami sikuona kuwa ni habari.

Halafu asubuhi moja mwenye nyumba akanigongea. Uso ulikuwa umemwisha rangi. Akanionyesha picha kwenye simu: mtu wa ghorofa refu la mbele ametupiga picha kutoka juu na kuirusha kwenye kundi la majirani. Kutoka juu paa langu lilionekana lote. Majani ya vidole, mashina yamelazwa, kamba kila upande, na vyote vimejibanza chini ya ukuta. Chini ya picha watu walikuwa wameandika neno moja. Hata mimi na Kichina changu cha sokoni nililielewa aliponitafsiria kwa kuigiza mtu anayevuta.

Bangi! Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshawaita polisi mwenyewe, asije akaambiwa kwamba alificha.

Wakaja wawili, na aliyekuwa akizungumza ni askari wa kike, mtu wa heshima zake. Tukapanda juu. Akaelekeza simu kwenye jani, simu ikampa jibu: mushu, muhogo. Akawa karibu kutabasamu. Mimi nikashusha pumzi. Kisha akauliza, "Kama ni chakula, mbona umekifunga hivi?"

Ningesema ni sharti la mwenye nyumba. Lakini mwenye nyumba alikuwa amesimama pale anatetemeka ndevu, nikamwonea huruma, sikutaka kumtia matatani. Basi kimbelembele kikaniponza. Nikasema, kwa fahari kabisa, "Ni utaalamu huo. Nimejifunza." Nikatoa simu nikamwonyesha video ya Mzungu.

Aliitazama mpaka mwisho. Akamwita mwenzake, wakaitazama tena. Mwenye nyumba naye akachungulia, akakaa juu ya ndoo.

"Mimea yako pengine ni muhogo," askari akaniambia polepole ili nimwelewe. "Lakini huyu bwana anakufundisha kulima bangi."

Lo! Ningepata tundu ningeingia. Nikaapa, nikaapa tena, nikamweleza habari za dada, nikaomba anifuate chini akamwone. Alinisikiliza, na naamini aliniamini. "Simu inasema muhogo," akasema, "lakini simu haitii sahihi. Lazima maabara waseme." Wakakata majani wakayatia kwenye vifuko, wakafunga mlango wa paa, wakabandika karatasi yenye mhuri. Hakuna kugusa mpaka jibu lije.

Mambo ya sheria siyalaumu. Kilichoniuma ni kwamba kule nyuma ya karatasi kulikuwa na chakula cha dada yangu, na dada yangu alikuwa chini yake, kitandani, anangoja mchana ufike.

Nilimdanganya kwamba majani yamepigwa na jua. Nikarudi kwenye uji, kwenye supu, na yeye akarudi kwenye vijiko viwili. Siku zikapita. Mashavu yaliyorudi yakaanza kuaga. Hospitali wakapiga simu kuuliza tunaendeleaje, nikasema vizuri. Nilikuwa nikipita kwenye ngazi naitazama ile karatasi, nawaza niichane, litakalokuwa na liwe. Lakini wakinirudisha kwetu, nani atampeleka dada hospitali?

Mwisho dada akanibana. "Wewe tangu utoto ukidanganya unakuna sikio. Majani yana nini?" Nikamweleza yote, mpaka video. Akaanza kucheka, anacheka ameshika mshono wa tumbo. "Umekulia Tanga, hujui jani la bangi?"

"Niliijua kwa harufu tu, dada."

"Basi ungeinusa hiyo video." Akafuta machozi. Kisha kicheko kikamwisha na akakunja uso. "Na mimi ndiye mla bangi? Mimi niliyehiji? Makubwa haya." Lakini bakuli la uji alilirudisha vilevile.

Jibu likaja siku ya mawingu. Askari yule yule akaja kubandua karatasi, akasema ni muhogo, ni chakula, hakuna kesi. Akaniomba radhi kwa usumbufu, akanishauri kwa kicheko kidogo niifute video. Nikamshukuru kwa mikono miwili. Alipoondoka, mwenye nyumba akabaki mlangoni. Akakohoa. Akasema anajua ni chakula, lakini majirani wameshasema, na picha imeshazunguka. Basi akaniomba, jioni ile ile niing'oe.

Nikasema, "Sawa, laoban."

"Sawa nini?" Sauti ilitoka chumbani. Dada Kichina hakijui, lakini lile neno langu alishalijua. Nikamweleza. Nikasikia kitanda kinalia. Nilipoingia alikuwa amekaa, miguu chini, anajifunga kanga. "Nipeleke juu."

"Dada, ngazi..."

"Nipeleke juu, au nipande peke yangu."

Tulipanda kwa kupumzika. Yeye ameshika ukuta, mimi nimemshika kiuno, na kila hatua nilikuwa nasema Yarabi tusianguke. Nilihofu nitamfikisha juu halafu nimshushe maiti. Tulipofungua mlango upepo ukampiga usoni, akasimama, na kwa mara ya kwanza akaiona mihogo.

Siku zile za kufungwa haikuguswa na mtu, na ncha zilikuwa zimejigeuza zenyewe kutafuta jua, zimeshapita ukuta. Lakini mashina bado yalikuwa yamelala, kila moja na kamba yake. Dada akashika kamba moja.

"Mbona umeifunga kama wafungwa?"

"Nilikuwa naificha."

"Unamficha nani chakula?"

Nilitaka kumwambia, dada, hujui tunavyoishi huku. Tunakaanga dagaa madirisha yamefungwa. Tunashusha sauti kwenye lifti. Watoto wetu tunawaambia nyamazeni kabla hawajasema neno. Hakuna aliyetuamrisha yote hayo. Tumejikunja wenyewe, kidogo kidogo, mpaka tumekubali. Na pale juu, mbele yake, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba yule aliyepiga picha hakuuona muhogo. Aliona kitu kilichofichwa, akakipa jina la vitu vinavyofichwa. Ningeiacha isimame kama mihogo mingine duniani, mzee yeyote wa Guangxi angepita akasema, ah, mushu. Nilikuwa nimetumia akili zangu zote na jua la mchana kutwa kuipa sura ya hatia. Niliona aibu, na niliona hasira.

"Mficha uchi hazai," dada akasema, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akanyoosha mkono. "Nipe kisu."

Akaanza kukata kamba. Mashina yaliyokomaa hayakuinuka, yalishazoea. Yale machanga yalitikisika, yakapanda kidogo, yakasimama yanayumba. Alipomaliza kamba akaingia kwenye majani. Mkono wake haukusita. Jani gumu anaruka, ncha laini anakata, anaacha macho mawili, anatupa mapajani kwenye kanga. Nilikaa chini miguuni pake nikawa napokea kama nilivyokuwa nikipokea zamani.

Mwenye nyumba akatokea mlangoni na jembe dogo. Alikuja kunisaidia kung'oa. Akamwona mwanamke mwembamba wa kanga nyekundu, amekaa peupe, anaonekana juu ya ukuta, anachuma mboga. Ghorofa la mbele lilikuwa na watu kwenye madirisha. Dada alimpungia kisu kwa salamu, akaendelea.

"Huyu ndiye mgonjwa?" mzee akaniuliza.

"Ndiye."

Nikainuka kumwambia kwamba siing'oi, na safari hii nilikuwa nimeshalipanga neno jingine mdomoni badala ya sawa. Sikulihitaji. Alimtazama dada, akaegemeza jembe ukutani, akateremka na kandambili zake. Siku hiyo wala zilizofuata hakurudia habari hiyo.

Nilitwanga, na kinu nilikiweka sakafuni, bila jinzi chini yake. Jirani wa chini alisikia, na asikie. Dada alikuwa amelala kwenye kochi la sebuleni, macho amefumba, ametoka jasho, na mimi natwanga huku namtazama kifua kama kinapanda na kushuka. Niliogopa zile ngazi zimemmaliza. Niliogopa nimempata dada yangu mkaidi wa zamani siku yake ya mwisho. Kisamvu kikachemka, nikatia tui, nikangoja kiive, nikapakua na wali, nikamwinua.

Akala kwa mkono, polepole. Alipofika nusu akapumzika, nami nikanyoosha mkono kuchukua sahani kama nilivyozoea. Akaisogeza kwake. Akala mpaka nikaona maua yaliyochorwa ndani ya sahani. Ndipo akanipa.

Nikasimama nimeishika, siwezi kwenda mbele wala nyuma.

"Sasa unangoja nini?" dada akaniuliza. "Nenda kaniongezee. Nina njaa."